Vazi Lililovuliwa Mwanasesere

Mwanasesere wa mafunzo alilala sakafuni uchi, mlango wa kabati ukining'inia kwa skrubu moja. Kompyuta na projekta hazikuguswa. Mwizi alichukua kitu kimoja tu: vazi zito la kubana miguu na tumbo, linalomshikilia mzazi anayevuja damu mpaka afikishwe hospitali.

"Lipo hilo moja tu milima hii yote," alisema Daktari Lucrecia Arévalo, mkuu wa mafunzo. "Na mtihani ni leo mchana."

Inspekta Eustaquio Calmo aliuliza nani hakufika darasani. Ni nesi mmoja, Fabiana Jerónimo. Alituma salamu kwamba tumbo linamuuma.

Calmo akapanda na pikapu hadi kijijini kwao. Nyumba ilikuwa tupu. Majirani walimcheka, wakamuuliza tangu lini polisi wanashika mimba hata wamtafute nesi mbio namna ile.

Alikuwa akigeuza gari alipoona nepi mbichi zimeanikwa uani kwa jirani wa tatu. Kando yake chuj, kibanda cha udongo cha kuogea mvuke, hakikutoa hata uzi wa moshi.

Calmo alizaliwa milima hiyo. Mama mkwe wa huko angechoma mlango wa nyumba yake uwe kuni kabla hajaacha chuj ya kumwogeshea mzazi ipoe. Basi kuna mtu amemkataza. Mtu aliyefundishwa kwamba joto lile humzidishia damu mzazi anayevuja.

Akaingia nyumba ile bila kubisha hodi.

Petrona, mzazi mwenyewe, alilala amefungwa lile vazi kuanzia vifundoni hadi tumboni, midomo imempauka. Fabiana alikuwa akimpima mapigo ya moyo. Mama mkwe alinung'unika pembeni, kuni zake mkononi.

"Wewe ndiye uliyefungua kabati?"

"Mimi. Kwa mkasi, jana jioni."

"Livue."

"Nikilivua hapa, mjomba, anakufa hapa. Linavuliwa hospitali, akiwa na dripu."

"Gari la wagonjwa?"

"Bovu. Tumeita tangu alfajiri."

Calmo aliitazama ile midomo. Akamshika Petrona miguu, Fabiana akamshika kichwani, wakampakia garini. Pikapu iliteremka makorongo taratibu, na kila kona Calmo aliuliza kama bado anapumua.

Alifika hospitali anapumua. Walimwekea damu, wakalilegeza vazi kidogo kidogo kuanzia vifundoni. Alasiri Petrona akamtaka mtoto wake, kisha uji.

Ndipo Calmo akamkalisha Fabiana kwenye benchi la ujia. Daktari Arévalo alisimama mbele yao, mikono kifuani.

"Kwa nini hukuliomba vazi?" aliuliza Calmo.

"Niliomba, mbele ya darasa zima. Nilisema Petrona ana uchungu, na uzazi wake uliopita nusura damu immalize. Daktari akajibu vazi ni la mtihani, likichafuka tutafanyia nini."

Arévalo hakukana. Alisema tu kwamba nesi akiomba radhi, shauri litaishia hapo na cheti atapewa. Asipoomba, hapati cheti, na polisi wafanye kazi yao.

Calmo akamgeukia Fabiana. "Umesikia. Neno moja tu, binti."

"Andika kwamba nimeiba," alisema Fabiana. "Radhi siombi."