Senti ya Tundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Evodia alikuwa na kazi tatu: kuwasha jiko la mkaa, kuchota maji bombani, na kumbeba Timoth mgongoni mpaka mama mdogo Luciana amalize kufunga maharage yake ya kupeleka sokoni. Kazi mbili za kwanza alizifanya huku amenuna. Ile ya tatu aliipenda. Timoth alikuwa mtoto wa Luciana, mwenye umri wa miezi minane, na kumbeba kulitia joto mgongoni. Mwezi Juni katika mji wa Sumbawanga hakuna anayekataa joto.

Waliishi Malangali, kwenye nyumba ya Bibi Klementina. Wazazi wa Evodia walikuwa Namanyere wakilima mahindi na ulezi. Yeye aliletwa mjini kwa Bibi ili asome, na sasa alikuwa darasa la sita.

Habari ya sarafu ilianza Pasaka. Mjomba Alphonce, ambaye anaendesha bodaboda kule mpakani Kasesya, alikuja kuwasalimia akampa Evodia sarafu ya Zambia ya ngwee moja.

"Hii hapa hununui hata pipi," alimtania. "Itunze tu, ikukumbushe kwamba una mjomba."

Evodia aliigeuza, akaona imeandikwa mwaka. Akaenda kuchukua sarafu ya shilingi mia iliyokuwa juu ya kabati, akaigeuza nayo. Ilikuwa na mwaka wake. Alikuwa ameshika sarafu tangu alipoanza kutumwa dukani, na siku zote hizo hakujua kwamba zina umri. Tangu siku hiyo hakupokea chenji bila kuisoma. Fundi redio wa jirani alimtolea kwenye kopo la skrubu senti hamsini yenye picha ya sungura, kuukuu kuliko mama yake. Mwalimu Cornelia, anayewafundisha Historia, alipoziona sarafu hizo alifurahi, akampa daftari jipya na kumchorea safu tatu: sarafu gani, ya mwaka gani, nimepewa na nani.

"Safu hii ya tatu ndiyo yenye kazi," alisema mwalimu. "Kama huwezi kuandika jina la aliyekupa, basi hiyo sarafu si yako."

Kufika Juni, Evodia alikuwa na sarafu kumi na moja, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvimba. Meshack, aliyekaa naye dawati moja, hakuwa mtu wa kuacha kichwa cha mwenzake kivimbe.

"Ya tundu unayo?" alimwuliza. "Zile za mkoloni, zenye tundu katikati na meno ya tembo huku na huku."

"Sina."

"Basi hizo zako ni chenji tu."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu Evodia aliijua senti moja ya namna hiyo. Aliiona kila siku. Ilifungwa kwa uzi mweusi kwenye mkono wa kushoto wa Timoth. Bibi Klementina aliifunga kwa kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo wao, mmoja baada ya mwingine. Alimfunga mama yake Evodia, akamfunga Luciana, na hata Evodia mwenyewe aliivaa alipokuwa mchanga. Bibi alisema inazuia jicho baya. Jumapili alikwenda kanisani, alisali rozari, na senti aliifunga vilevile.

Angeomba, labda angenyimwa. Ndiyo maana hakuomba.

Jumanne jioni, alipokuwa akimwogesha Timoth, uzi ulikuwa umelowa na kulegea. Evodia aliufungua kwa kucha. Timoth alimtazama akicheka, akidhani ni mchezo. Kisha Evodia alimvalisha sweta la mikono mirefu, na kwa baridi ile hakuna mtu ambaye angemvua.

Senti ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Meshack alimwambia aisugue kwa majivu na limao. Jumatano aliisugua wakati wa mapumziko mpaka ikang'aa, na mwaka ukaonekana vizuri: 1952. Katika safu ya tatu ya daftari aliandika, "Nimeokota njiani."

"Njia gani?" aliuliza Mwalimu Cornelia.

"Ya sokoni, mwalimu."

Mwalimu aliichukua sarafu, akaigeuza. "Na nani alikwambia uisugue? Sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ndio ushahidi wa mahali ilipopita." Akamrudishia daftari bila kuweka sahihi.

Alhamisi Timoth alianza kukohoa. Ijumaa aliamka na homa kali, na akakataa kunyonya. Bibi alileta mafuta ya kumchua. Akamkunja mkono wa kushoto wa sweta, halafu akasimamisha mikono yake.

"Luciana," aliita. "Senti ya mtoto iko wapi?"

Walitafuta siku nzima. Waligeuza godoro, wakachekecha majivu ya jikoni, wakachokoa mfereji wa maji machafu kwa kijiti. Evodia naye alitafuta. Aliinua mikeka na kuchungulia chini yake kwa makini, huku senti ikiwa ndani ya soksi yake, ikimbana kwenye kifundo cha mguu.

"Mama, tumpeleke hospitali," alisema Luciana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi.

"Umpeleke mkono mtupu?" Bibi alijibu. "Wakimchoma sindano hivi alivyo, hutarudi naye. Senti kwanza."

Luciana hakuwahi kubishana na mama yake, na siku hiyo pia hakubishana. Alikaa akimpepea mtoto kwa upande wa kanga, akiutazama mlango.

Jioni Mama Kija alisimama penye ua na ndoo yake ya maziwa. Alikuwa jirani yao, mfugaji, mtu wa kutoka kule Shinyanga, na aliwauzia maziwa kila siku. Alichungulia mlangoni, akasikia pumzi za mtoto.

"Mama, huyo mtoto anapumua vibaya," alisema. "Msingoje. Mpelekeni."

Bibi alingoja mpaka Mama Kija alipokwisha kuondoka. Kisha alisema polepole, "Hajamgusa. Hata ndani hajaingia. Amejuaje?"

Evodia alielewa kabla Bibi hajalimaliza swali lile: Mama Kija alikuwa akishukiwa uchawi.

Kesho yake, Jumamosi, habari ilikuwa imefika bombani kabla ya ndoo ya kwanza kujaa. Mama Kija alikuja kuchota maji, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi alijifanya hakusikia. Shikamoo ilibaki pale hewani, na wanawake wote waliiona. Mama mmoja alimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Kuna watu walihamishwa mtaani kwa dogo kuliko hilo." Mama Kija aliinua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda zake.

Evodia alikimbia nyumbani. Alikuwa na mpango: ataiweka senti chini ya godoro, halafu ataiokota mbele ya watu wote. Aliitoa kwenye soksi. Ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Bibi aliijua senti ile kwa miaka yote, naye angejua mara moja kwamba kuna mtu aliyeisugua. Evodia aliipaka masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia. Masizi yakatoka na kubaki vidoleni. Akapaka tena, yakatoka tena. Alipoteza saa nzima nyuma ya jiko akijaribu kuirudishia senti weusi wake, na saa hiyo nzima Timoth alikuwa ndani akipumua vile.

"Evodia, njoo umbebe, nikachemshe maji," aliita Luciana.

Alimfunga mgongoni kwa kanga. Ndipo alipoogopa kweli. Pumzi za Timoth zilimgonga mgongoni haraka haraka, na kila moja ilitoka na mguno mdogo. Hakulia. Tangu asubuhi hakuwa amelia. Evodia alimshusha, akampandisha sweta. Kila alipovuta hewa, ngozi chini ya mbavu ilibonyea ndani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Alifikiri, nikisema, watajua kwamba mimi ndiye niliyemuua. Kisha akafikiri, nisiposema, atakufa kweli. Alimfunga tena mgongoni, akamfuata Bibi uani.

"Bibi," alisema, akafungua kiganja. "Ninayo mimi. Nilimvua Jumanne. Mama Kija hajafanya kitu."

Bibi aliitazama senti, akaugusa ule mng'ao kwa kidole gumba. Evodia alingoja kofi. Kofi halikuja. Bibi alichukua uzi wa kushonea, akaifunga senti kwenye mkono wa Timoth kwa vidole vilivyokuwa vikikosea fundo, akasema, "Luciana, mbebe. Twende."

Ndani ya bajaji Bibi hakuondoa macho kwenye ile senti. Akaitazama, akamtazama mtoto, akaitazama tena. Mbavu ziliendelea kubonyea. Walipofika hospitali, Bibi ndiye aliyetangulia kushuka, akapita mbele akiomba njia kwa sauti.

Muuguzi aliyewapokea hakupoteza muda. Alimvua Timoth sweta, akachukua mkasi na kukata uzi.

"Hii shika wewe, Bibi," alisema akimpa senti. "Mkono huu nauhitaji."

Bibi aliipokea. Alitazama sindano ikiingia na mpira wa hewa ukiwekwa puani, wala hakupinga.

"Alianza kuumwa lini?" aliuliza muuguzi.

"Alhamisi," alijibu Luciana.

"Leo ni Jumamosi. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Muuguzi aliendelea kufanya kazi huku akisema, "Hii ni homa ya mapafu. Mtoto akipumua haraka hivi, mbavu zikaingia ndani, akagoma kunyonya, mnamleta saa hiyo hiyo. Mngelala naye nyumbani leo, kesho tusingekuwa na la kufanya."

Evodia alianza kulia. "Ni mimi niliyemletea," alisema. "Nilimvua senti yake."

"Senti haileti homa ya mapafu," alisema muuguzi, "wala haizuii. Huyu amepata vijidudu kifuani. Hukumletea wewe."

Kwa muda mfupi Evodia alihisi mzigo umemtoka. Lakini Luciana, ambaye tangu nyumbani hakuwa amemsemesha, aligeuka.

"Usifurahi haraka," alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Siku mbili mama alikuwa akitafuta senti, na wewe ulikuwa ukificha senti, na mimi nimekaa natazama mlango. Mwanangu alikuwa akitafuta hewa."

Usiku ule na siku iliyofuata walikaa bila kujua kama Timoth atapona. Muuguzi alikuja, akasikiliza kifua, akaondoka, akarudi tena. Evodia alirudishwa nyumbani, akachota maji, akawasha jiko, na mgongo wake ulikuwa na baridi. Jumatatu baada ya shule alikimbia mpaka hospitali. Homa ilikuwa imeshuka. Timoth alikuwa amenyonya mara mbili.

Jumanne, saa ya kutazama wagonjwa, Mama Kija alikuja na chupa ya maziwa ya moto kwa ajili ya Luciana. Alisimama mbali kidogo na kitanda, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Bibi Klementina aliinuka. Kwa mtu wa umri wake kuinuka kwa ajili ya mwanamke anayemzidi umri kama yule si jambo la kila siku.

"Nilikuwekea neno ambalo hukustahili," alisema Bibi. "Bombani nitalifuta mbele ya wale wale waliolisikia."

Mama Kija alikuwa ameumia, na hakuficha. "Mama, mtu akikwambia mtoto anapumua vibaya, mtazame mtoto," alisema. "Usimtazame aliyesema." Kisha akammiminia Luciana maziwa.

Baadaye Bibi alimwita Evodia kwenye benchi nje ya wodi. Upepo wa uwanda wa juu ulikuwa ukipita kwenye mikaratusi, na Bibi alijifunika shuka mpaka shingoni.

"Mimi ni mzee na nimekosa," alianza. "Nilishika la wazee wangu nikamwacha mjukuu wangu. Mtoto akiugua, hospitali kwanza. Hilo ni langu, na nitalibeba. Sasa tuje kwako."

"Ndiyo, Bibi."

"Ungeniomba ile senti, nisikudanganye, ningekunyima."

Evodia aliinamisha kichwa.

"Ningekunyima, ungenuna, usingizi ungekuchukua, na asubuhi ungeamka ukawashe jiko. Basi, yangeishia hapo. Uliponyang'anya, ikabidi udanganye. Ulipodanganya, mama wa watu akawa mchawi na mtoto akakaribia kaburi." Bibi alimshika kidevu, akamwinua uso wamtazamane. "Kusanya sarafu zako, sikukatazi. Ila kitu cha mtu kiombe. Ukinyimwa, nenda zako. Mimi nimezika watu wengi, mjukuu wangu, na sijamzika hata mmoja aliyekufa kwa kunyimwa."