Kipoza Hewa cha Saduran

Kipoza hewa cha bati katika nyumba ya Ghulam Qasim, mjini Multan, hakikuwa na plagi. Qasim alizichuna ncha mbili za waya, akazichomeka kwenye soketi ya ukutani na kuzikaza kwa njiti za kiberiti, kama walivyofanya majirani wote. Kila adhuhuri mkewe wa pili, Bakhtawar, alizichomoa, akautundika waya msumarini, juu, asije akaufikia mwanawe Shahzeb, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Jumanne moja alikuta zimerudishwa. Njiti zilinuka hina.

Aliyependa hina mle ndani ni Saduran, mke wa kwanza, aliyekufa bila mtoto. Kipoza hewa kililetwa na ndugu zake siku ya harusi yake.

"Ni wewe uliyechomeka, baba Shahzeb?"

"Mimi hata viatu sijavua! Utamwonea marehemu wivu mpaka lini?"

Wivu alikuwa nao, kweli. Lakini kesho yake alimkuta mtoto ameketi mbele ya soketi, vidole vimelowa, na ndani ya bati mtu akimwimbia kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza wa kwake.

Sain Bachal, mganga wa mtaani, alikuja na kitabu chake. Alitazama ukuta, akasonya.

"Anakuonea wivu, binti yangu," alinong'ona. "Mtoto ndiye anayemtaka. Nanyi mmemfungulia mlango! Waya uchi, na mtoto anatambaa! Qasim, kisomo changu hakizibi tundu la soketi. Mwite fundi leo hii."

Qasim aliinamisha uso. Fundi alifunga plagi na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, soketi akaihamishia juu ya kimo cha mtu. Sain akasoma siku tatu. Nyumba ikatulia.

Alasiri moja umeme ulikatika mtaa mzima. Bakhtawar alikuwa uani akikanda unga, feni zote zikanyamaza, na katika ukimya ule akasikia kipoza hewa kikiendelea kuzunguka, polepole, ilhali plagi yake inaning'inia hewani, na harufu ya udongo wa kaburi uliorowa ikamjia, na kupitia mlango akamwona Shahzeb amesimama, yeye asiyewahi kusimama, viganja vyote viwili juu ya bati, akicheka.

"Mama," mtoto akaita, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Bakhtawar alifungua kinywa aitike.

"Abee, mwanangu," sauti ndani ya bati ikamtangulia.