Mwalimu Wakonyo na Safari ya Dubai

Jumamosi hiyo mji wa Ruiru ulikuwa umejaa hadi barabarani. Spika ya duka la viatu ilishindana na ya muuza dawa ya panya, na katikati ya kelele zote Mwalimu Wakonyo alikuwa anapenya kwa bega, mkoba ameubana kwapani. Alivaa gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe. Nywele alikuwa amesuka jana yake na bado zilimvuta kichwa. Mkononi alishika karatasi yenye vitu ishirini na tatu vya kununua.

Cha kwanza kilikuwa adapta.

"Sasa, madam. Nikusaidie?" Mwenye duka la vifaa vya umeme alikuwa kijana mrefu, mweusi, shati la samawati limekunjwa hadi viwikoni na kalamu imekaa sikioni.

"Poa. Nataka adapta za Dubai. Sita."

"Hizo sikuuzii."

"Kwani si hizo hapo nyuma yako?"

"Ni adapta, ndio. Lakini soketi za Dubai ni za pini tatu kama zetu. Chaja yako ya hapa itaingia tu. Utabeba mzigo wa bure."

Wakonyo alimtazama vizuri. Alikuwa amezunguka Ruiru maisha yake yote, na hakuwahi kukutana na mtu wa duka anayekataa kuuza.

"Wewe ni mfanyabiashara wa aina gani?"

"Aina ya kulala njaa." Kijana alicheka, meno meupe. "Naitwa Ouma. Nimeishi huko miaka minne, nikifanya kazi kwenye bustani ya michezo. Zile treni za kupanda juu halafu zinaporomoka watu wakipiga nduru. Unaenda kutembea?"

"Naenda na watoto kumi na wawili wa shule. Walishinda mashindano ya hesabu, sasa wanapelekwa mwezi wa nane. Tuko mimi na naibu wa mwalimu mkuu, na yeye ana goti bovu."

"Na wewe umeshapanda ndege?"

"Nimeshasindikiza mtu hadi getini."

Ouma alitoa kalamu sikioni, akavuta ile karatasi na kuanza kuikata vitu kwa mistari bila kuomba ruhusa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini, futa. "Kuna dawa za kawaida hapa ambazo kule ni kesi. Mtoto mwenye dawa yake, ibaki kwa pakiti na barua ya daktari." Miavuli, futa. Kisha akaandika: sweta kumi na nne.

"Sweta? Dubai, mwezi wa nane? Haki wewe unanicheka."

"Nje ni jiko. Lakini hiyo michezo mingi iko ndani ya majumba, na hewa ya mashine inapuliza baridi kama Limuru mwezi wa saba. Utanikumbuka."

Alimkumbuka hata kabla ya kufika Dubai. Jioni hiyo hiyo, akiwa chumbani kwake Kahawa Wendani, alimpigia kuuliza jambo la pasi za treni, ingawa jambo hilo angeweza kulisoma kwenye mtandao.

Basi simu zikaanza. Ouma akifunga duka kuelekea kwake Mwihoko, Wakonyo akisahihisha madaftari, simu katikati ya bega na sikio.

"Mwalimu wangu, somo la leo. Treni ya mjini ina behewa la wanawake na watoto, lina alama ya pinki. Wewe uingie hapo na watoto wadogo. Na hakuna kula wala kunywa ndani, hata peremende. Faini yake utalia."

"Na goti la Bwana Gachau?"

"Mwambie apande behewa lingine na wavulana wakubwa, na mkubaliane kituo cha kushuka kabla hamjapanda. Si ndani ya treni, kabla."

"Ndio, mwalimu."

"Umeandika?"

"Nimeandika. Sasa niambie kitu ambacho si cha Dubai."

"Sauti yako inanipotezea hesabu ya mauzo," Ouma alisema, na Wakonyo akafunika uso kwa daftari la mtoto wa watu.

Jumapili moja baada ya kanisa walikutana Thika, wakakaa pale maporomoko ya Chania yanaposikika, mbele yao sahani ya samaki na ugali. Wakonyo alivaa sketi ndefu ya kijani na hereni alizoazima kwa dadake. Ouma alipanga chumvi, pilipili na vijiti vya meno mezani kuwa ramani ya bustani.

"Hapa ni geti. Kila mtu akiingia anasimama kwa mchezo wa kwanza anaouona, foleni saa nzima. Wewe fika kabla hawajafungua, upite, uende hadi nyuma kabisa, halafu mrudi mkija mbele. Chakula saa tano, kabla watu hawajasikia njaa. Na pima watoto urefu ukiwa bado shuleni, wakiwa wamevaa viatu vyao. Mtoto akikataliwa kwenye kipimo baada ya foleni ya saa nzima, moyo wake unavunjika."

"Na akipotea?"

Ouma aliacha kucheka. "Kila asubuhi wapige picha na nguo walizovaa siku hiyo. Namba yako iandike mkononi mwa kila mtoto, ndani hapa." Alimshika kifundo cha mkono, akaonyesha kwa kidole. Hakukiachilia mapema. "Na simu za WhatsApp kule hazipigiki, ni ujumbe tu. Weka roming, laini yako ya hapa ifanye kazi huko. Ukikwama, nipigie. Saa yoyote, jaber."

"Jaber ni nini?"

"Ni mtu mzuri. Mtu mzuri sana."

Wakonyo alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Wiki iliyofuata alimwambia mamake, aliyekuwa anafuga mbuzi wa maziwa kule Murera, kwamba kuna mtu. Mama aliuliza kabila, kisha akauliza kazi, kisha akasema, "Mlete nimwone kwa macho."

Zikiwa zimebaki siku tatu waondoke, Janice, mwalimu mwenzake, alimvuta kando kwenye chumba cha walimu.

"Huyo Ouma wako wa Mwihoko, si alikuwa kwa ile bustani mnayoenda? Binamu yangu alifanya kazi huko. Anasema alifutwa. Kuna mtoto aliumia kwa mchezo wake."

"Hapana. Kandarasi yake iliisha."

"Ndivyo alikuambia?"

Ndivyo alivyomwambia, na zaidi ya mara moja. Wakonyo alitoka hadi uwanjani, akapiga simu.

"Ouma, ulitoka Dubai kwa nini?"

"Nani amekuambia?"

"Kwa hivyo ni kweli."

"Wakonyo, ngoja nikueleze. Si vile unafikiria..."

"Mtoto aliumia ama hakuumia?"

"Aliumia. Lakini..."

"Na ukaniangalia machoni ukasema kandarasi! Nimepanga safari ya watoto wa watu kwa maneno yako, kila neno! Sasa nijue lipi ni kweli na lipi ni la kunifurahisha?"

Alikata simu. Ouma alipiga mara saba, kisha akatuma ujumbe mmoja: *Nilikudanganya kwa aibu. Yale ya safari yote ni kweli. Tafadhali usiyaache.* Wakonyo aliusoma tena akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege na hakuujibu. Lakini sweta kumi na nne zilikuwa ndani ya mizigo.

Siku ya tatu Dubai walienda bustanini. Wakonyo, akiwa na jinzi na fulana ya shule, alifika kabla geti halijafunguliwa. Alipiga watoto picha, akaandika namba mikononi mwao, akawapitisha hadi nyuma kabisa. Kila kitu kilienda sawasawa, na kila kilipoenda sawa alizidi kumkasirikia yule aliyemfundisha.

Saa tano wakala. Saa sita kasoro akahesabu watoto. Kumi na mmoja.

Akahesabu tena.

"Ndila yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Ndila alikuwa na miaka minane, mdogo kuliko wote, mpole, bingwa wa kugawanya. Alikuwa hapo akila chipsi. Bwana Gachau alisimama, goti likamrudisha kitini.

"Ngai, Mungu wangu," Wakonyo alisema. Mbele yake kulikuwa na maelfu ya watu, taa, muziki, milango pande zote. Hakufikiria. Mkono wenyewe ulipiga namba.

Ililia mara moja tu.

"Wakonyo?"

"Amepotea. Ndila amepotea, Ouma, sijui nifanye nini, nimegeuka tu..."

"Sikia. Usikimbie. Hao wengine wako wapi?"

"Wako na Bwana Gachau."

"Wakae hapo hapo, hakuna hata wa kwenda msalani. Mfanyakazi mwenye beji umemwona?"

"Kuna mmoja wa kufagia."

"Huyo anatosha, ana redio. Mwonyeshe picha ya asubuhi. Nenda, mimi siendi popote, niko hapa."

Wakonyo alifanya hivyo. Mfagiaji alitoa redio yake papo hapo na kuanza kuongea. Sauti ya Ouma ilirudi, taratibu, kama mtu anayevusha mwingine mto.

"Sasa niambie. Huyo mtoto, kuna mchezo alikataliwa leo?"

"Ndio. Treni ya bluu, ile ya nyuma. Alipungua vidole viwili. Tulimpima shuleni tukamwambia hatapanda, lakini akataka kujaribu. Hakulia hata."

"Asiyelia ndiye anarudi. Nenda pale kwenye kipimo. Tembea haraka, usikimbie, usije ukampita."

Alitembea. Alipita maduka ya vikaragosi, akapinda, na pale, chini ya ubao wa kupimia urefu, alisimama Ndila, shingo imenyooshwa kama twiga. Viatu vyake vilikuwa vimefutuka. Alikuwa amejaza leso zote za karatasi za mezani ndani yake.

"Mwalimu, sasa nimebakisha kidole kimoja tu," alisema.

Wakonyo alipiga magoti sakafuni akamkumbatia, akalia mbele ya Wachina, Wahindi na Waarabu, bila haya. Kwenye simu alisikia mtu akivuta pumzi ndefu, kisha sauti iliyokatika: "Ameonekana?"

"Ameonekana. Ouma, ameonekana!"

"Asante Mungu." Kisha simu ikakatika.

Mfanyakazi wa treni ya bluu, mwanamume mfupi mwenye beji ya jina Kivuva, alikuwa anawatazama. "Ouma gani huyo?" aliuliza kwa Kiswahili cha Machakos. "Ouma mrefu? Yule aliyesimamisha treni?"

"Aliyesimamisha?"

"Dada, mimi nilikuwepo. Chuma cha kufunga kiti kilikuwa kinalegea, yeye akaripoti mara mbili, wakamwambia foleni ni ndefu, aendeshe. Siku hiyo akaona chuma kimefunguka treni ikiwa inaanza kupanda. Akabonyeza breki ya dharura. Mtoto akagonga mdomo, meno mawili yakatoka. Ingefika juu, tungeokota maiti. Lakini mtu wa kufutwa alikuwa lazima apatikane." Alitikisa kichwa. "Na yeye hakubisha. Alisema tu kwamba bado anasikia yule mtoto akilia."

Usiku wa kusafiri ulipoisha na watoto wote kumi na wawili wakachukuliwa na wazazi wao shuleni, Wakonyo alilala saa kumi mfululizo. Jumamosi akavaa gauni jekundu la kitambaa chepesi, akapaka mafuta ya waridi, akaenda dukani Ruiru. Mlango ulikuwa umefungwa.

Alipiga simu. "Uko wapi?"

"Thika." Nyuma kulikuwa na kelele za nyundo. "Kuna mzee ameleta bembea kubwa ya mzunguko kwa siku ya watoto. Ameniomba nimkagulie kabla ya kesho. Wakonyo, mimi..."

"Usiongee. Nakuja."

Alimkuta chini ya gurudumu la chuma, ovaroli imejaa grisi. Ouma alisimama wima alipomwona, spana mkononi, asijue aiweke wapi.

"Kivuva ameniambia yote," Wakonyo alisema.

"Ningekuambia mwenyewe. Mara ya kwanza, pale kwa samaki. Lakini ulikuwa unaniangalia kama mtu anayejua kila kitu, nikapenda kuangaliwa hivyo."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na mimi nilikukatia simu bila kusikiliza. Siku tatu nilizunguka Dubai na akili yako mkobani, huku nimekununia." Alimfuta grisi shavuni kwa kidole, akazidi kuisambaza. "Nisamehe."

"Ushasamehewa tangu ulipopiga simu. Mimi je?"

"Ukinidanganya tena nitakufunga kwa hiki chuma."

Ouma alicheka, kicheko cha mtu aliyetua gunia. "Mzee anataka mtu wa kuijaribu. Sijapanda kitu kama hiki tangu siku ile."

"Panda na mimi."

Walipanda. Gurudumu lilizunguka polepole, likasimama juu kabisa, na kutoka huko waliona mashamba ya mananasi na Kilimambogo, kumetakata. Ouma alikuwa ameshika mkono wake kwa nguvu. Kisha, kidogo kidogo, akalegeza.

"Wakonyo, nataka kuja kwenu na wazee wangu. Rasmi. Nikuoe. Unasemaje?"

Aliangalia mbali hadi machozi yakamtulia. "Nasema ndio. Lakini wazee watakuja baadaye. Mama anataka kukuona kwanza."

"Lini?"

"Leo. Nimemwambia tunafika saa nane, amechinja kuku."

"Leo? Na hii ovaroli?"

Gurudumu lilishuka. Mzee mwenye bembea aliwauliza kama wanaendelea mzunguko wa pili.

"Hapana, baba," Wakonyo alisema, akimvuta Ouma kwa mkono wa grisi. "Tunashuka. Tunangojwa Murera."