Kupotea kwa Desmond wa Wilgabanda

Hakuna kesi ya kondoo iliyowahi kumshinda Inspekta Jokha tangu aingie polisi huko Dubai. Hilo ni kweli, na aulizwe yeyote. Kweli pia ni kwamba hakuwahi kupewa hata moja kabla ya hii.

Ilikuwa mwaka 2015, siku chache kabla ya Idi Kubwa. Koplo Shakir alimfuata ofisini akiwa kashika funguo za gari na uso wa mtu anayezuia kicheko.

"Afande, kuna wizi kwenye ukumbi wa maonyesho ya mifugo."

"Kimeibwa nini?"

"Desmond, afande."

"Nimeuliza nini, Shakir, sikuuliza nani."

"Desmond ndiye nini mwenyewe. Ni kondoo dume. Ametoka Australia."

"Kondoo ana jina kama mwalimu wa hesabu?"

"Ndivyo alivyoandikwa, afande. Na picha anayo."

Wote wawili walikuwa wana wa Dubai, lakini nyumba walimolelewa ziliota mizizi Unguja, na wakiwa peke yao garini Kiarabu kilibaki mlangoni. Jokha alisema na Shakir kama shangazi anavyosema na mtoto wa kaka yake: kwa mapenzi, na bila adabu yoyote.

Ukumbini kulikuwa na ubaridi wa kumvalisha mtu sweta. Zizi la Desmond lilikuwa la mwisho, kando ya mlango wa nyuma. Lango limefungwa vizuri, ndoo ya maji imejaa, majani makavu hayajavurugwa. Hakuna damu. Hakuna alama za kuburuzwa.

Shakir alifunua pipa la taka lililokuwa nyuma ya zizi, akarudi nyuma mara moja.

"Innalillahi! Hii hapa ngozi yake, afande. Keshachinjwa."

Ndani ya pipa ulikuwa umekunjwa mzigo mkubwa wa sufu. Jokha aliutazama, akatikisa kichwa, na kusema kweli, kalamu yake ilikwisha kuandika "amechinj-" ndipo ikasita. Mtu wa pwani anamjua kondoo kwa hali mbili tu: akitembea na akiwa sahanini. Kwao kondoo akivuliwa, huvuliwa sufu na ngozi pamoja.

Lakini mtuhumiwa alikuwa keshapatikana kabla ya polisi. Jina lake Shomari, kijana wa Tanga, mfagiaji wa mazizi. Msimamizi wake alikuwa kamshika kola.

"Ufunguo anao huyu," msimamizi alisema. "Kisu kakutwa nacho. Pipa ni lake. Kafeel wake, mwajiri aliyemleta, ameshasema khalas, aondoke. Tiketi inakatwa leo."

"Mwachie kola, haijaiba," alisema Jokha. "Wewe, mwanangu, kisu cha nini?"

"Cha kukatia kamba za majani, afande."

"Ulikuwa wapi adhuhuri?"

"Msikitini. Nimetoka imamu anatoa salamu, narudi ufunguo u pale langoni nilipouacha, zizi tupu. Nikapiga kelele mwenyewe! Mwizi gani anayepiga kelele za mwizi?"

"Wapo wengi. Umemchinja?"

"Afande, mimi Mdigo wa Tanga. Kondoo namjua kwenye pilau." Akamgeukia Shakir. "Mamangu amewatangazia mtaa mzima mwanawe yuko Dubai. Nikishushwa pale Tanga na jina la mwizi wa kondoo, si heri ningeiba hata ngamia? Ngamia angalau ana heshima."

Shakir alicheka. Jokha hakucheka, ingawa alitamani. Aliivuta sufu kutoka pipani, akaitandaza sakafuni. Ilitandazika kama shuka la kitanda cha watu wanne, nzima, bila mpasuko. Akaigeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweupe kama maziwa, una mafuta yanayonata vidoleni.

"Shakir, nionyeshe ngozi."

"Si hiyo hapo, afande?"

"Iko wapi?"

Shakir akapapasa huku na huku. Hapakuwa na ngozi. Hapakuwa na tone la damu. Palikuwa na manyoya matupu, yameshikana kama koti lililovuliwa na mwenyewe akaenda zake.

"Desmond yu hai," Jokha alisema. "Ila anatembea uchi."

Banda la Wilgabanda, mji wa Australia alikotoka Desmond, lilikuwa hatua chache tu kutoka zizini, na wenyewe walikuwa wazee wawili, Bwana Alf na mkewe Bi Noreen. Ukutani walikuwa wamebandika mji wao wote: barabara moja, ghala refu la ngano, kanisa, na baa iliyokuwa kubwa kuliko kanisa. Picha nyingine zilikuwa za mashamba yaliyokauka, udongo umepasuka kama kisigino cha mkulima.

Bi Noreen alimsukumia Jokha sahani ya vitumbua vya ngano vya kwao, vilivyopakwa jemu, kabla hata hajaonyeshwa kitambulisho. Jokha alizungumza nao kwa Kiingereza cha kituoni.

"Kondoo mlimwona mara ya mwisho lini?"

"Asubuhi," alisema Bwana Alf. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na chai ilimwagika pande zote mbili.

"Na wewe, mama?"

"Mimi? Mimi ni wa jikoni, mpenzi. Naoka tu. Kondoo sijawahi kumgusa maishani. Na macho yangu haya, hata nikimgusa sitajua. Kula kingine."

Jokha alikula kingine. Nyuma ya bibi huyo runinga ilikuwa ikionyesha mashindano ya kwao ya kunyoa kondoo. Mnyoaji ameinama, kofia imemfunika uso. Mashine inapita, sufu inadondoka vipande vikiwa vimeshikana, shuka nzima. Lakini kilichomfanya Jokha aache kutafuna ni kondoo mwenyewe. Alikuwa amekaa kitako kama mtu, mgongo umeegemea magoti ya mnyoaji, miguu inaning'inia, kimya, macho juu.

"Haogopi?" aliuliza.

"Ukimkalisha hivyo anatulia," alijibu Alf. "Anaweza kukaa hata..." Mkewe akamkanyaga mguu. Alf akanywa chai iliyobaki.

Hapo akaingia Awadh, mtu wa Mombasa mwenye mkahawa mtaa wa Al Baraha, kanzu imenyooshwa, uso umekunjamana.

"Dada, kondoo ni wangu! Nimemshinda kila mtu kwenye mnada wa jana. Nimeshawaambia Al Baraha nzima, Idi hii nachinja dume la Australia, kubwa kama ndama. Sasa niwaambie nini? Nichinje picha?"

"Si mnyama wa maonyesho huyu? Mbona harudi kwao?"

"Sheria ya kwao, afande," Shakir alimnong'oneza. "Akishatoka, hakubaliwi kurudi. Hofu ya maradhi. Ndiyo maana wakamnadi."

Jokha aliwatazama wale wazee. Bi Noreen alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Mlango wa nyuma ulilindwa na Deus, Mhaya mrefu aliyevaa sare fupi. Wenzake walipokwenda kuswali, yeye alibaki.

"Nani alitoka adhuhuri?" Jokha alimuuliza.

"Hakuna, afande. Kondoo angepita mbele yangu?"

"Sikuuliza kondoo. Nimeuliza nani."

"Ni yule bibi wa Australia tu. Alikuwa anamsukuma mume wake kwenye kiti cha magurudumu. Mzee alikuwa hoi, maskini. Kafunikwa blanketi mpaka kidevuni, kofia mpaka puani. Nikamfungulia mlango, nikamwambia pole mzee."

"Akajibu?"

"Alikohoa kidogo."

"Vipi?"

Deus akafikiri. "Kama... mee."

"Endelea. Nani mwingine?"

"Baadaye yule mzee akatoka kuvuta sigara."

"Mzee yupi?"

"Huyo huyo, mume wa bibi. Kwa miguu yake. Nikasema Mungu mkubwa, amepona."

"Alikuwa amerudi ndani?"

Deus akaitazama sare yake kana kwamba ndiyo iliyokosa.

"Hakurudi, afande. Alitoka mara mbili bila kuingia."

Hoteli ya wazee ilikuwa Al Jaddaf. Jokha aliwachukua wote: wazee kwa sababu zilizojulikana, Awadh aitambue mali yake, na Shomari, mtuhumiwa, kwa sababu hakuna askari aliyekubali kushika kondoo. Kwenye kitasa cha chumba kilining'inia kibao kinachokataza mtu kusumbua. Jokha akasumbua.

Desmond alikuwa bafuni, amesimama ndani ya beseni la kuogea, anakula taulo la hoteli. Bila sufu yake alikuwa mwembamba, shingo ina mikunjo kama soksi kubwa mguuni mwa mtoto, sikio halina tena kibati cha namba. Awadh alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye ndama wangu?"

"Ni mimi," alisema Bwana Alf upesi. "Andika. Nimemnyoa mimi, nimemkalisha kitini mimi. Mke wangu alisukuma tu, hakujua."

"Hakujua anasukuma kondoo?"

"Nilidhani ni Alf," Bi Noreen alisema. "Nilimwona kanyamaza, nikasema leo afadhali."

"Kwa nini mlimwiba?"

Alf aliketi ukingoni mwa kitanda. Maneno yalimtoka taratibu. Mvua iliwakimbia Wilgabanda, miaka ikapita. Wakauza kondoo kundi baada ya kundi, mpaka malori yakakosa cha kubeba. Desmond alikuwa mtoto asiye na mama, akalelewa jikoni kwa chupa, akifuata watu mpaka baa. Ndiye aliyebaki. Kamati ya mji ikamchagua aje Dubai awavutie wanunuzi wa sufu, na wazee wakaahidiwa kwamba baadaye atakwenda kwa mfugaji. Watu walipanga mstari barabarani kumpungia mkono.

"Jana nikauliza aliyeshinda mnada anafuga wapi," Alf alisema. "Wakanicheka. Wakaniambia ana mkahawa."

Bafuni taulo lilikuwa likitafunwa.

Awadh alivua kofia, akaivaa tena. "Alilelewa kwa chupa? Jikoni? Sasa dada, nyama hiyo itanipitaje kooni? Walahi nitatafuta mwingine sokoni. Akae kwa shemeji yangu, ana shamba huko Al Ain. Na lalamiko nalifuta." Akainua kidole. "Lakini nimjue aliyeniibia. Msamaha si kanzu ya kumtupia yeyote apitaye. Na mzee huyu ananidanganya. Hata kikombe hakimtii."

Jokha alijua hivyo tangu banda la vitumbua. "Bwana Alf, nyoosha mikono."

Akainyoosha. Ilitetemeka kama majani ya mchongoma kwenye upepo.

"Mikono hii haijamnyoa Desmond," alisema Jokha. "Nikimpelekea mwendesha mashtaka ungamo lako, atalitupa, na atakayebaki mikononi mwangu ni yule kijana pale. Yeye ndiye mwenye ufunguo, kisu na pipa, na ndege yake ni ya leo. Je, yupo mtu humu mwenye la kusema?"

Alimtazama Bi Noreen. Bi Noreen alimtazama Shomari, midomo ikatikisika, kisha akamtazama mumewe, akaifunga.

"Mimi ni wa jikoni, mpenzi," alisema kwa sauti ndogo. "Kondoo sijamgusa maishani."

"Sawa. Shomari mwanangu, mtoe mnyama. Yalla."

Shomari aliingia bafuni, akamshika Desmond sikio, namna kondoo anavyoshikwa Tanga yote. Desmond hakuwa amelelewa hivyo. Alitoka kama risasi, akapita katikati ya miguu ya Shakir, koplo akakaa chini bila kutaka, Desmond akaiparamia meza, taa ikaanguka, Awadh akapanda kitandani kashika pindo la kanzu yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ng'ambo yake ngazi.

Bi Noreen hakufikiri. Mkono wa kushoto chini ya taya, wa kulia kiunoni, goti likasukuma, kichwa cha Desmond kikageuzwa begani, na bibi akarudi hatua moja nyuma. Hata bismillahi haijaisha, dume zima lilikuwa limekaa kitako kati ya magoti yake, miguu hewani, limetulia kama bwana harusi mbele ya kinyozi. Kidole gumba cha bibi kilikuwa tayari kinaukunjua mkunjo wa shingo, mahali mashine inapoanzia.

Bwana Alf alifunika uso kwa mikono yake inayotetemeka, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Nimeshamjua," Awadh alisema kutoka kitandani. "Nimemsamehe, huyo huyo, mbele yenu nyote."

"Shakir," Jokha alisema, "andika: Shomari ameachiwa."

"Sababu, afande?" aliuliza Shakir kutoka sakafuni.

"Andika unachokiona."

Shomari alijishika kifua, akaanza kumwita mama yake kwa sauti, kana kwamba Tanga ilikuwa chumba cha pili. Jokha akamsogelea Bi Noreen, akainama mpaka wakatazamana usoni, na Desmond katikati yao.

"Bi Noreen. Kondoo hujawahi kumgusa?"

"Kamwe," alisema Bi Noreen.

Kisha akatazama chini, akaiona mikono yake ilipo.

"Ameniangukia," alisema.