Salamu Kutoka Waya Uliokatika

Lilianza kama jambo dogo: waya wa kwenda Malinya ulikuwa umekatika, na taa yake ikawaka kijani, kama ya waya mzima.

Nasambu, fundi wa mitandao wa hospitali moja ndogo ya Lurambi, hakushtuka. Aliwaeleza wakubwa kwamba taa ile huona kifaa cha jirani tu, haioni mwisho wa safari. Swichi, vile visanduku vya kupitisha data vya pande zote mbili, zimeandikiwa njia kwa mkono, na zitaifuata hata ikiishia shimoni. Wiki iliyopita, kliniki ya Malinya ilituma shimoni picha za tumbo la mama mjamzito kwa dakika arobaini. Zilipomfikia daktari, mtoto alikuwa keshakufa. Wakubwa wakataka mchungaji aje kukemea. Nasambu akauliza kama mchungaji anajua kupanga swichi.

Akazipanga mwenyewe alasiri moja, mvua ya mawe ikipiga mabati. Swichi mbili zisalimiane mara kumi kwa sekunde. Salamu tatu mfululizo zikikosa jibu, waya uachwe, picha zipite kwa redio ya mnarani. Osman, soja wa kulinda lango mwenye asili ya Mumias, aliafiki: hata kwao hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unaenda zako.

Ndipo Chrispinus, fundi wa Malinya, akapiga simu. Wachimba dhahabu wamekata waya tena, na mama mmoja, Zeituni, ana uchungu tangu asubuhi. Picha zake zimetumwa.

Hazikuwa zimefika.

"Mbona huku salamu zinaitikiwa?" Nasambu aliuliza.

"Madam, waya nimeishika kwa mkono. Huku hakuna kitu."

Harufu ya udongo mbichi wa machimbo ikatoka kwenye feni za swichi, ikamjaa puani na kooni, na salamu zikazidi kuitikiwa, mara kumi kwa sekunde bila kukosa hata moja, huku nyuma ya kabati la vyuma kitu kikivuta pumzi polepole, kama mtu aliyefukiwa zamani na bado anaibania hewa yake.

Osman alinong'ona, "Binti yangu, ulimuuliza jina?"

"Nani?"

"Huyo anaitika. Sisi hatufunguliangi mtu kwa sababu ameitika tu."

Aibu ikamchoma Nasambu kuliko hofu. Pale pa neno la siri alikuwa ameacha wazi, kwa haraka zake. Akabuni neno. Hakulitamka, alimwandikia Chrispinus kwa simu, kila mmoja akaliingiza upande wake. Salamu isiyo na neno hilo haihesabiwi.

Moja. Mbili. Tatu.

Njia ikahamia redio. Picha zikaingia, daktari akasoma, ambulensi ikaondoka. Kabla ya magharibi Zeituni alikuwa na binti mwenye sauti kubwa.

Waya ule ulishafukuliwa na kutupwa. Kumbukumbu za swichi bado zinaandika: salamu imekataliwa, mara kumi kwa sekunde. Jumatatu kitu kile kilianza kubahatisha neno la siri. Jana herufi ya kwanza ilikuwa sahihi.

Nasambu alisoma, akamaliza chai yake, akabadilisha neno.

"Anza upya," akakiambia.