Mtandao Ulioondoka na Mahari

Ng'ombe walipotoka zizini asubuhi, mtandao ulitoka nao.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Mwanhale. Kila ng'ombe alivaa pete-wimbi kwenye pembe, pete nyembamba ya rangi ya shaba iliyojiendesha kwa joto la mnyama mwenyewe. Pete ya huyu ilidaka wimbi na kuirushia pete ya yule, na yule akamrushia mwenzake, hadi kundi lilipotawanyika mbugani na nyumba zote zikawa zimeunganishwa na mnara wa mbali. Huko Mwanza magari yalijiendesha yenyewe na watu walipanda vyombo kwenda kazini angani, lakini hakuna kampuni iliyokubali kusimamisha mnara kwa ajili ya wafugaji. Zamani bando moja lilikula kuku mzima. Sasa watu walipiga simu za picha bure, huku wanakamua.

Aliyebuni pete hizo ni Milembe, mhandisi aliyeolewa kijijini hapo. Leo, kwenye zahanati ya kijiji, mama mkwe wake Nkwimba alikuwa amelala chini ya mkono-fundi, mtambo wenye vidole vyembamba kama sindano, ulioendeshwa na Daktari Kokushubira akiwa Mwanza. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba Nkwimba macho yote mawili. Alikuwa hajawahi kuiona sura ya mjukuu wake Ngassa, ambaye sasa alikuwa anakoroma mgongoni kwa Milembe.

"Huyo daktari amekula kweli?" Nkwimba aliuliza. "Asije akanitetemekea."

"Nimekula, mama," daktari akajibu kwenye skrini. "Samaki sato mzima."

"Haya. Endelea."

Mkono-fundi ulipasua kidogo sana, ukaanza kuuvuta ukungu wa jicho la kulia. Mara skrini ikawa nyeusi. Mkono ukaganda palepale, kama ulivyofundishwa kufanya ukimpoteza daktari.

"Tulia hivyohivyo, mama," nesi Shija alisema, akidondosha dawa jichoni. Kisha akamnong'oneza Milembe: "Jicho lililofunguliwa halisubiri. Nusu saa ikipita, tumelipoteza."

Milembe alifungua kishikwambi chake. Pete za karibu zilikuwa hai. Zilizokosekana ni pete kuu mbili, zile zilizolipokea wimbi kutoka mnarani. Alikuwa amezifunga kwa makusudi kwenye pembe ndefu kuliko zote kijijini, maana pembe ndefu hudaka wimbi vizuri.

Akashika kichwa. Leo shemeji yake Masalu alikuwa anapeleka mahari. Na wakwe wakija kuchagua ng'ombe, wanachagua nani kama si wenye pembe ndefu?

Alikuwa amehesabu radi, fisi na wezi. Harusi hakuihesabu.

Alikaza mbeleko, akarukia pikipiki ya umeme. Aliwakuta wamekwisha kuvuka kilima, wanateremka upande wa pili kwa nyimbo, kilima kimelikinga wimbi lisirudi kijijini. Mbele alikuwa Jilala, baba mdogo wa bibi harusi, kofia kichwani, anatembea kama ng'ombe wote aliwazaa yeye.

"Shikamoo baba. Nakuomba, hao wawili warudi juu kilimani. Kidogo tu. Mama yuko chini ya mtambo, jicho liko wazi!"

"Marahaba. Ng'ombe wa mahari hageuzwi, binti yangu. Akigeuka, ndoa imekufa. Wavue hizo pete ubaki nazo."

"Zimeshikana na pembe, baba. Kuzitoa ni kukata pembe."

"Eti nini? Niingie nyumbani na ng'ombe wa vigutu? Watasema binti yetu tumemwokota!"

Masalu alikuwa ndani ya suti yake mpya. Alimtazama Jilala, akatazama nyuma kule aliko mama yake.

"Basi tusiwageuze," Milembe alisema. "Wapande kinyumenyume. Vichwa vyao viendelee kutazama kwenu."

Jilala akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka. "Kinyumenyume! Haya, nani anamjua ng'ombe mwenye gia ya nyuma?"

Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka bega kifuani kwa ng'ombe. Masalu akashika pembe za wa pili. Wajomba wakasukuma, mashangazi wakapiga vigelegele, suti ikapakwa samadi. "Sukuma! Huyo anakukanyaga!" Hatua kwa hatua, wanyama wakapanda kilima kwa makalio, wamekasirika kweli.

Kishikwambi kikalia. Mkono-fundi ulikuwa unatembea tena.

Walisimama hapo juani, bibi harusi akisubiri kwao, kijiji cha pili, mpaka sauti ya Nkwimba ilipoingia kwenye kishikwambi. "Milembe! Nimeliona paa. Lina matobo!"

Watu wote walipiga kelele. Milembe alicheka na kulia, kisha akasema ukweli. "Mama, jicho la kushoto daktari ataligusa mwezi ujao. Ng'ombe hawa wakienda, mtandao unakwenda nao. Pete nyingine kuu sina, na sijui nitazipata lini."

Nkwimba akauliza:

"Huko wanakokwenda hakuna mwenye macho mabovu?"

Jilala alijibu kwa sauti ya chini, bila mzaha. "Wapo, mkwe. Mke wangu mmojawapo."

"Basi waache waende. Na wewe Milembe, rudi haraka uniletee Ngassa nimwone pua yake, maana watu wanasema ni ya..."

Ng'ombe walikuwa wameanza kuteremka. Sauti ilikatika. Milembe alibaki juu ya kilima, mkono mmoja mgongoni kwa mwanawe, na kutoka bonde la mbele, simu za watu asiowajua zikaanza kuita, moja, kisha nyingine, kisha zote.