Muosha Vyombo wa Bure

Walikutana kwenye foleni ya choo cha kituo cha mafuta mjini Sejong, siku makundi mawili yalipoandamana mbele ya jengo la serikali kuhusu kima cha chini cha mshahara. Ra Eun-sook, mwenye duka la tambi kule Daejeon, alikuwa na kitambaa cha njano kichwani pamoja na wenye maduka wenzake: hawakutaka kipandishwe. Mwanamume nyuma yake alivaa kizibao chekundu cha chama cha wafanyakazi, mvua imemlowesha hadi nyusi.

"Dada tajiri, fanya haraka basi, na sisi makabwela tumebanwa."

"Tajiri gani? Mikono hii inakanda unga tangu alfajiri."

"Basi tajiri wa unga."

Eun-sook akacheka bila kupenda. Jamaa aliitwa Pyo Gyeong-tae, mpakiaji mizigo ghalani, wa Daejeon vilevile. Wakapeana namba.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Leo umembania nani mshahara?"

"Ningekubania wewe, ungekuwa wangu."

"Mbona nimeshakuwa wako?"

Mshahara ukapandishwa. Gyeong-tae, kwa adabu, hakushangilia mbele yake. Akaanza kupitia dukani kila atokapo kazini, ili tu awe karibu naye. Alivaa aproni ya maua iliyombana kifuani, akaosha mabakuli katikati ya mvuke wa supu ya dagaa, huku akiimba vibaya. Eun-sook aliona raha. Kisha akamwambia Mama Maeng, muosha vyombo wake wa miaka mingi, asije tena. Gyeong-tae alidanganywa kuwa mama amestaafu.

Hadi alipokutana naye sokoni.

"Anatafuta kazi, Eun-sook. Umemwachisha kwa sababu nipo mimi?"

"Mshahara mmeupandisha nyinyi. Mimi ningeutoa wapi?"

"Ungeniambia! Nimenyeshewa barabarani kwa ajili ya watu kama yeye, kumbe jioni namnyang'anya riziki. Tena bure!"

"Nani alikuita? Ulikuja mwenyewe."

"Nilikufuata wewe, si vyombo."

Akavua aproni, akaikunja, akaondoka. Simu zikanyamaza.

Vuli ilipoingia, Eun-sook alimpelekea Mama Maeng boksi la matunda ya mapea, akamwomba radhi na kumsihi arudi.

"Mapea nayachukua," alisema mama. "Kurudi, sirudi. Nimepata jiko la hospitali, hata likizo wananipa."

Eun-sook akapandisha bei ya tambi, akaajiri mwanamke mwingine. Baadhi ya wateja walinuna, wengine wakahama. Ndipo akampigia Gyeong-tae simu.

"Nimeajiri mtu."

"Unamlipa?"

"Kima chenu kilekile. Kila nikilipa, nazihesabu mara mbili. Huenda duka likafungwa mwakani, sijui. Ila sitakuficha kitu tena."

"Na Mama Maeng?"

"Kachukua mapea, kanikataa."

Gyeong-tae alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili alikuja na koti la buluu, nywele kazichana, akaketi kama mteja. Bakuli lilipofika, hakuligusa.

"Eun-sook, tuoane."

Wateja wawili waliacha kutafuna.

"Mwakani wakikaa tena kuujadili mshahara," alisema Eun-sook, "sitakubaliana na wewe."

"Najua. Naomba mke, siombi kura."

Eun-sook akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Kula kwanza, bwana harusi. Inapoa."